Noti ya Hryvnia Kumi

Swali la kwanza kwenye mwongozo wangu wa mahojiano ni jepesi: ulisoma wapi? Nimewauliza wazee kumi na mmoja mpaka sasa, wengi kwa simu, na karibu wote hujibu "Urusi" kabla sijamaliza sentensi. Ukichokonoa kidogo unagundua kwamba mmoja alikuwa Minsk, mwingine Tashkent, mwingine Odesa. Hawadanganyi. Kwao ilikuwa nchi moja, lugha moja, viza moja. Mzee wa kumi na mbili kwenye orodha ni baba yangu, na nimekuwa nikimkwepa tangu Septemba.

Niko Uppsala, Uswidi, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu inahusu Watanzania waliokwenda kusoma katika Muungano wa Kisovieti. Msimamizi wangu anajua kwamba baba ni mmoja wao, na ameniuliza mara tatu kama nimeshamhoji. Mara zote tatu nimejibu kwamba ana shughuli nyingi. Baba amestaafu. Anafuga kuku Tanga na kusikiliza redio. Ukweli ni kwamba mimi na yeye hatujazungumza sawasawa tangu Machi 2022, zaidi ya shikamoo, marahaba, na habari za baridi. Na kilichotugombanisha, ukiondoa makombora, ni mwanamume aliyekufa mwaka 1709.

Anaitwa Ivan Mazepa. Kama umewahi kushika pesa za Ukraini umemwona: yuko kwenye noti ya hryvnia kumi, mzee mwenye masharubu na macho ya mtu anayejua mengi kuliko anayosema. Nyuma ya noti kuna kanisa kuu la monasteri ya Pechersk, Kyiv. Mimi nilianza kumjua kabla sijaiona noti hiyo, na nilimjua kama tusi.

Baba alifika Kharkiv mwaka 1984, akiwa na miaka ishirini na ufadhili wa kusoma uhandisi wa mitambo. Alikaa miaka sita. Sisi watoto tulilelewa na hadithi za huko: theluji iliyofika magotini, mkate mweusi, foleni za sausage, bibi mlinzi wa hosteli aliyemfundisha kushona vifungo vya koti na kumkaripia akitoka bila kofia. Hadithi zote zilianza kwa "nilipokuwa Urusi." Sebuleni, kando ya picha ya harusi, palikuwa na picha ya Pushkin ndani ya fremu ya plastiki, na mgeni akiuliza huyu mzungu ni nani, baba alifurahi kupita kiasi. "Huyu ni mwenzetu," alisema, kisha akaanza kusimulia habari za Abram Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyechukuliwa Konstantinopoli na kupelekwa Urusi, akawa mtoto wa ubatizo wa Tsari Peter wa Kwanza, akapanda hadi cheo cha jenerali. Pushkin ni kitukuu chake.

Kwa ajili ya mtihani wa lugha baba alikariri vipande virefu vya "Poltava," utenzi ambao Pushkin aliuchapisha mwaka 1829. Alivighani barazani jioni, kwa Kirusi, kwa sauti ambayo mama alisema itawafanya majirani waamini tumemleta mganga. Katika utenzi huo Peter anang'aa kama jua, na Mazepa ni mzee mwenye moyo mweusi aliyemgeuka bwana wake. Ndivyo jina lile lilivyoingia nyumbani kwetu. Kaka yangu alipouza baiskeli ya baba bila ruhusa, aliitwa Mazepa mwezi mzima. Nilipoahidi kuosha vyombo nikalala, nikawa Mazepa mdogo. Sikujua hata kama ni mtu. Nilidhani ni neno la Kirusi lenye maana ya mvunja ahadi.

Kumbe sikukosea sana. Katika Urusi ya kifalme, Mukraini aliyeonekana kutaka nchi yake ijitenge aliitwa hivyohivyo: mfuasi wa Mazepa. Jina la mtu lilishakuwa jina la kosa.

Mwaka 2018 nikaenda Kharkiv mimi mwenyewe, kusoma uhusiano wa kimataifa. Lilikuwa wazo la baba, na ada ilikuwa nafuu. Siku ya pili nilibadilisha dola, nikapewa bunda la noti, na pale dirishani nikasoma jina chini ya picha. Nilicheka peke yangu. Nikapiga picha, nikamtumia baba: "Mazepa yuko kwenye pesa!" Akajibu kwa maneno mawili: "Wamepotea hao."

Nilikaa mwaka mzima nikiamini hivyo. Waukraini niliowapenda, waliokuwa wakinigawia supu ya borshchi na kunirekebisha kofia kama yule bibi wa baba, walikuwa watu wema waliopotea kidogo katika suala la pesa.

Mwaka wa pili tulikuwa na mwalimu wa Kiukraini, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Siku moja alituomba kila mmoja aeleze picha iliyo kwenye noti. Mimi nikapata kumi. Nikasema, kwa sarufi yangu mbovu, kwamba huyu ni hetmani Mazepa, yaani kiongozi mkuu wa Wakosaki, na kwamba alikuwa msaliti. Darasa likanyamaza. Mwalimu hakukasirika. Aliuliza tu: "Alimsaliti nani?"

Nikasema, Peter.

"Na Peter alikuwa nani kwake?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi moja akatupakia kwenye treni, wanafunzi saba wa kigeni, tukaenda Poltava.

Poltava ni mji mzuri wenye miti mingi, na una sanamu ya bakuli la halushky, vile vidonge vya unga vya kuchemsha, jambo ambalo nalitaja kwa sababu ndilo mimi na rafiki yangu Mnaijeria tulilolipiga picha nyingi zaidi. Lakini mwalimu alitaka tuone vitu viwili kwa siku moja. Cha kwanza ni nguzo ya ushindi iliyozinduliwa mwaka 1811: ndefu, mizinga imezunguka chini yake, na juu kabisa tai anayeangalia upande wa uwanja wa vita ambapo Peter alimshinda mfalme Karl wa Kumi na Mbili wa Uswidi. Cha pili ni sanamu ya Mazepa, iliyosimamishwa mwaka 2016. Miaka zaidi ya mia mbili iko kati ya vitu hivyo viwili, na kwa mguu unatoka kimoja hadi kingine kabla kahawa yako haijapoa.

Alitusimulia tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Mazepa alizaliwa mwaka 1639 karibu na Bila Tserkva. Alilelewa kwenye kasri la mfalme wa Polandi kama kijana wa kutumwa, akasoma, akatembea Ulaya, akajua lugha nyingi. Mwaka 1687 Wakosaki walimchagua kuwa hetmani, kambini karibu na mto Kolomak, si mbali na Kharkiv yetu. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa mtu wa kutegemewa na Moscow. Peter alimpenda. Nishani ya Mtakatifu Andrea, ya juu kuliko zote Urusi, ilipoanzishwa, Mazepa alikuwa mtu wa pili kuvishwa. Alikuwa tajiri wa kutisha, na utajiri ule aliumwaga kwenye makanisa, shule na kuta za monasteri, kiasi kwamba mtindo wa majengo ya wakati ule, ule wa kuba za dhahabu zenye umbo la peari, wengine huuita kwa jina lake.

Kisha Peter akaingia vitani na Uswidi, na vita ikala kila kitu. Wakosaki walipelekwa kupigana kaskazini, mbali na kwao, chini ya maofisa waliowadharau. Wengine walitumikishwa kama vibarua kujenga ngome ya Pechersk. Mamlaka ya hetmani yalikuwa yakipunguzwa kidogo kidogo. Uswidi ilipoanza kusogea kusini, inasimuliwa kwamba Mazepa aliomba askari wa kulinda Ukraini, na Peter akajibu kwamba hana hata watu kumi wa kumpa.

"Mnaona?" mwalimu akasema. "Wakosaki walielewa ahadi kuwa na pande mbili. Sisi tunakutumikia, wewe unatulinda. Moscow ilielewa ahadi kuwa na upande mmoja. Neno moja, vitabu viwili."

Mwisho wa Oktoba 1708 Mazepa akavuka upande wa Karl. Siku chache baadaye jeshi la Peter, chini ya Menshikov, likaingia Baturyn, makao makuu ya hetmani, likauchoma mji na kuua watu kwa maelfu, wanawake na watoto ndani yake. Kule Hlukhiv sanamu ya mfano wake ilinyongwa hadharani, na kanisa likamlaani. Laana ile iliendelea kusomwa kila mwaka hadi karne ya 19, ikiwemo ndani ya makanisa aliyoyajenga mwenyewe. Peter aliagiza hata nishani mpya kwa ajili yake, ya fedha, nzito ya kilo kama tano, yenye picha ya Yuda. Hakuwahi kumvisha. Mwezi Juni 1709, kwa kalenda yao ya zamani, Karl akashindwa Poltava akiwa amebebwa kwenye machela kwa jeraha la mguu. Yeye na Mazepa wakakimbilia Bender, katika himaya ya Waosmani, na mzee akafa hukohuko kabla mwaka haujaisha. Akazikwa Galați, Romania ya leo. Kaburi halipo tena.

Rafiki yangu Mnaijeria, ambaye alikuwa akisomea udaktari na hakupenda historia, aliuliza swali ambalo mimi sikuthubutu: "Kwa hiyo alikuwa mtu mwema?"

Mwalimu akacheka. "Hapana, mpenzi."

Akatuambia habari za Kochubey. Vasyl Kochubey alikuwa jaji mkuu wa Wakosaki na rafiki wa zamani wa Mazepa. Binti yake, Motria, alikuwa mtoto wa ubatizo wa Mazepa, na Mazepa, mjane aliyepita miaka sitini, alitaka kumuoa. Wazazi wakakataa. Miaka michache baadaye Kochubey akampelekea Peter habari kwamba hetmani anapanga kugeuka. Ilikuwa kweli tupu. Peter hakuamini, akamkabidhi Kochubey kwa Mazepa, na Mazepa akamkata kichwa, pamoja na mwenzake Iskra, miezi mitatu tu kabla ya kufanya kile alichoshtakiwa. Na kuna jambo la mwaka 1701: waraka wa Mazepa unaoruhusu wakulima watumikishwe siku mbili kwa wiki kwenye ardhi ya mabwana. Nilipolisikia hili nilikumbuka neno la bibi yangu wa Pangani, shokoa. Alipovuka kwenda kwa Karl, ni Wakosaki elfu chache tu waliomfuata. Wakulima wengi hawakuona sababu ya kumfia tajiri yule.

Mambo haya yote mwalimu aliyasema pale chini ya sanamu yake, bila kuficha. Nilivutiwa na hilo kuliko sanamu. Kwetu nilizoea shujaa akishachongwa basi, maisha yake yanapigwa deki.

Agosti 2021 nilikwenda Kyiv kwa sherehe za miaka thelathini ya uhuru. Kwenye mnara wa kanisa kuu la Mtakatifu Sofia kuna kengele iliyofuliwa mwaka 1705 kwa fedha za Mazepa, na inaitwa kwa jina lake. Imepita laana, mapinduzi na vita mbili za dunia. Katika viwanja hivyohivyo, mwezi ule, palikuwa na maonyesho ya waraka mmoja uliotoka Uswidi. Mrithi wa Mazepa uhamishoni, Pylyp Orlyk, alipochaguliwa hetmani huko Bender Aprili 1710, aliandikiana mkataba na Wakosaki wake. Uliweka mipaka ya mamlaka ya hetmani: ashauriane na baraza, asiguse hazina ya umma, asihukumu peke yake. Waukraini wanauita katiba yao ya kwanza. Ni katiba ya nchi ambayo waandishi wake hawakuwa nayo tena mikononi. Nakala yake ya Kilatini imehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa Stockholm, na hapo Kyiv ilikuwa imeazimwa tu, ndani ya kioo. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu alisimama baba na kijana wake wa miaka kama kumi, na mtoto alipofika kwenye kioo akasema, "Ni karatasi tu." Baba yake akamwambia, "Ndiyo. Ni karatasi."

Usiku ule nilitaka kumpigia baba yangu nimweleze. Sikupiga. Nilihisi tayari kwamba nimeanza kumfanyia Mazepa.

Tarehe 24 Februari 2022 nilikimbilia kituo cha metro cha Pushkinska, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na hosteli. Kilifunguliwa mwaka 1984, mwaka aliofika baba. Alikuwa akituambia kwamba aliiona Kharkiv ikiwa bado inanukia saruji mbichi. Tulilala pale usiku tano. Blanketi zilikuwa chache, choo kimoja, mbwa wengi, na mwanamke mmoja mwenye fidla. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Usiku wa pili baba akapatikana.

"Mwanangu, usiogope," akasema. "Warusi hawawezi kuipiga Kharkiv. Hapo kila mtu anazungumza Kirusi. Hapo ni kwao."

Nikamwambia, baba, nasikia mabomu sasa hivi, sikiliza. Nikainua simu juu, kana kwamba saruji ya kituo chake ingepitisha sauti.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hawa wakubwa wa Kyiv ndio wamewaponza. Ni Mazepa walewale."

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia baba simu maishani mwangu.

Safari ya kutoka sitaieleza yote. Wengi wameshaeleza zao na zinafanana. Machi mosi, asubuhi, kombora lilipiga uwanja mkubwa wa Kharkiv, na siku hiyohiyo nikapanda treni. Mlangoni mtu mmoja mwenye jaketi la kung'aa alinisukuma kifuani na kusema wanawake wa Kiukraini kwanza. Bibi mmoja nisiyemjua akamtukana kwa Kiukraini safi sana, akanivuta mkono, akaniketisha kwenye begi lake. Wote wawili wamo kwenye kumbukumbu yangu ya siku ile, na sijaweza kuuondoa mmoja wao ili nimbakishe mwingine. Lviv, mpaka, Polandi, Doha, Dar es Salaam, basi la Tanga.

Baba alinikumbatia stendi hadi watu wakageuka. Alichinja kuku mwenyewe. Siku tatu tulikula na kulala. Siku ya nne redio ikazungumza, na baba akaijibu redio, na mimi nikamjibu baba.

Nitaandika alichosema kwa haki, kwa sababu nimekuwa nikikizungusha kichwani miaka hii yote. Alisema: "Mimi nilikuwa mtoto wa mvuvi. Nilikula chakula chao miaka sita, nikavaa koti lao, nikapewa elimu, sikulipa hata senti. Waliokuwa wanatusaidia kumng'oa mkoloni Msumbiji na Angola ni nani? Leo nisimame nao maadui zao? Asante ya punda ni mateke, lakini mimi si punda."

Nikasema, "Chakula cha nani, baba? Ngano ile ililimwa wapi? Wapiganaji wetu walifunzwa Odesa, walifunzwa Perevalne kule Crimea. Kharkiv iko wapi kwenye ramani? Ulikaa Ukraini miaka sita na hujawahi kulitamka jina lake."

"Ilikuwa nchi moja."

"Kwa nani?"

Mama akaingia na chai, akaona nyuso, akarudi nayo jikoni.

Baba akasema kiapo ni kiapo. Mazepa aliapa, akabusu msalaba, akala na Peter meza moja, akavishwa nishani, halafu akageuka siku Peter alipozidiwa. Ungemwitaje? Nikatoa pochi, nikachomoa noti ya hryvnia kumi iliyobaki, nikaiweka mezani mbele yake. Nikasema, basi mimi ndiye Mazepa wako. Nikaondoka kwenda kulala kwa kaka.

Ilikuwa sentensi ya kijinga, ya tamthilia, na niliifurahia kwa muda wa kama dakika kumi.

Nilimaliza shahada mtandaoni mwezi Juni. Nikafanya kazi Dar miaka miwili. Nikapata nafasi hapa. Wiki ya kwanza Uppsala nilifungua kopo la viungo vya chai alilonifungia mama, na ndani, juu ya unga, imekunjwa mara nne, ilikuwa ile noti. Mpaka leo inanukia mdalasini. Sasa naitumia kushikia ukurasa.

Huku Mazepa hunifuata kwa njia za ajabu. Mwanafunzi mwenzangu anayesomea sanaa aliposikia jina akasema, "Aa, yule wa farasi!" Kuna hadithi kwamba ujanani, Polandi, mume mmoja aliyemfumania na mkewe alimfunga uchi juu ya farasi mwitu na kumwachia porini. Voltaire aliiandika, Byron akaifanya utenzi mwaka 1819, Victor Hugo akafuata, wachoraji wa Ufaransa wakaipenda sana, Liszt akaitungia muziki. Kwa nusu ya Ulaya, Mazepa ni mwili mzuri juu ya farasi. Vita, Baturyn na wakulima wa siku mbili hawamo. Na Stockholm, kwenye bustani ya Kungsträdgården, Karl wa Kumi na Mbili amesimama kwa shaba tangu mwaka 1868, kidole kimenyooka mashariki. Waswidi hutania kwamba anaonyesha Urusi. Nilisimama chini yake Desemba iliyopita, nikafikiri kwamba mfalme yule, aliyepoteza jeshi zima, ameruhusiwa kuwa mtu aliyeshindwa tu. Hakuna mtu anayemwita mumewe Karl akivunja ahadi.

Huku nyuma Kharkiv ilikuwa inabadilika. Novemba 2022 waliiondoa sanamu ya kichwa cha Pushkin. Mwanzoni mwa 2024 mtaa wa Pushkin, mtaa wa baba, ukapewa jina jingine, na kituo cha metro nacho. Nilizisoma habari hizi kwenye simu na sikujua nihisi nini. Niliilalia saruji ile. Jina lilikuwa juu ya kichwa changu wakati wajukuu wa washindi wa Poltava wanatupiga mabomu. Lakini pia ni picha ya sebuleni, na kitukuu wa mtoto aliyeuzwa Konstantinopoli, na baba akighani barazani huku mama akimwomba apunguze sauti. Sijui kama mtu anaweza kumdai Gannibal bila kuchukua na Peter. Baba aliwachukua wote pamoja, kama kifurushi, na hakuwahi kukifungua.

Na nikaanza, taratibu, kuona kwamba baba ndiye aliyekuwa amekula kiapo. Hakuna aliyemwapisha. Mtoto wa mvuvi alipewa koti la baridi, na tangu siku ile akajiona mdeni, na nchi aliyokuwa na deni nayo ikavunjika mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya yeye kurudi. Yeye akaendelea kulipa kwa yule aliyebaki na jina.

Jumapili iliyopita nilimpigia. Nilimwambia ni ya chuo, nitarekodi, kuna fomu ya ridhaa. Aliisikiliza fomu yote kwa makini, akasema anaridhia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevaa shati la kutokea.

"Ulisoma wapi?"

"Urusi," akasema.

Niliandika: Urusi. Hiyo ndiyo kanuni, mhojiwa hasahihishwi.

"Mji gani?"

"Kharkov."

"Mlikaa mtaa gani?"

"Mtaa wa Pushkin. Hosteli kubwa ile. Unaijua."

Nikasema naijua. Kisha nikavunja kanuni. Nikamwambia, baba, mtaa huo hauitwi Pushkin tena.

Kinasa sauti kinaonyesha sekunde ishirini na mbili za kimya. Jogoo anasikika, na redio kwa mbali.

"Wameuitaje?"

"Skovoroda."

"Hryhoriy Skovoroda? Yule mwanafalsafa wa kutembea kwa miguu?" Akacheka kidogo, cheko ambalo sijalisikia siku nyingi. "Yule bibi wa hosteli alikuwa na picha yake pale mlangoni. Alisema ni mtu wa kwao. Mimi nilidhani ni babu yake."

Nikamwuliza bibi huyo alizungumza lugha gani. Akafikiri.

"Na sisi, Kirusi. Akiwa na dada yake, lugha yao." Kimya tena. "Jengo bado limesimama?"

Nikasema sijui, nitauliza. Jioni nikamwandikia msichana tuliyesoma naye ambaye hakuwahi kuondoka Kharkiv. Siku iliyofuata alinitumia picha: ghorofa zote zipo, madirisha mengi yamezibwa kwa mbao, mti mmoja umekatika, theluji chafu chini. Nikamtumia baba bila neno. Alama mbili zikawa bluu. Nikangoja. Baada ya nusu saa ikaja sauti yake, fupi.

"Ghorofa ya tatu. Dirisha la nne kutoka kushoto. Hilo lenye mbao."